JEKI YA KUAZIMA NA TELA LA USHIRIKA

(Maneno yaliyosomwa na Katibu wa Chama wa Tawi mbele ya wanaushirika na wanakisomo, Hasamba. Yamenakiliwa hapa ubaoni kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.)





Leo tumesimama kusema juu ya jeki. Tunajua wapo watakaocheka. Watasema, Katibu ameacha habari za kahawa na mbolea, amekuja kutuhubiria chuma cha kuinulia gari. Haya, wacheke kidogo. Wakimaliza, wamtazame kijana wetu aliyekaa benchi la mbele katika darasa la kisomo. Alikuwa amekwisha kuandika jina lake vizuri kwa mkono wa kulia. Sasa anajifunza upya kuliandika kwa mkono wa kushoto. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuseme habari zake, ila ameomba jina lake tusilibandike ubaoni. Tumekubali.

Jambo lenyewe mnalijua, lakini kila mtu analisimulia kivyake, kwa hiyo tuliweke sawasawa.

Mwezi wa 12 mwaka jana trekta letu lilikuwa linatoka Vwawa na mbolea ya kupandia, mifuko 60. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu, tairi la kushoto la tela likapiga jiwe likapasuka. Tairi la akiba tulikuwa nalo. Spana tulikuwa nayo. Jeki hatukuwa nayo. Likapita gari dogo, mwenye gari akasimama, akatoa jeki yake kwenye buti akatuazima. Mtu mwema kabisa, wala hatumlaumu. Vijana wakaiweka chini ya tela, wakazungusha, tela likapanda. Nati zikafunguliwa. Kijana wetu akachuchumaa, akalikumbatia tairi alivute. Hapo jeki ikazama upande mmoja kwenye tope, ikalala, na tela likashuka. Mkono wake wa kulia ukabanwa kati ya tairi na ubao wa tela.

Tulikuwa watu kumi na wawili pale. Tulishusha mifuko yote 60 tukaliinua tela kwa mabega tukamtoa. Kushusha mifuko hakukuchukua hata robo saa. Hospitali wakaokoa mkono, lakini vidole viwili vilikwenda.

Sasa jamani, tuulizane. Kama tuliweza kuishusha mifuko ile kwa robo saa baada ya mtu kuumia, kwa nini hatukuishusha kabla hajaumia?

KUJIKOSOA

Kabla hatujamsema dereva, au vijana, au mvua, inafaa sisi viongozi tujiseme wenyewe. Wazee wetu walituachia desturi ya kujikosoa na kukosoana, na desturi ile haikuwa mbaya.

Katika kikao cha mwezi wa 8 kulikuwa na mstari katika makisio ulioandikwa: "Jeki 1 na stendi 2 za tela." Mstari ule tuliufuta. Tulisema jeki si kitu cha kila siku, ikihitajika tutaazima. Fedha ile tukaipeleka kwenye rangi ya ofisi, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja. Wageni walikuja, wakaisifu rangi, wakaondoka. Ofisi mpaka leo inang'aa. Na Katibu anayesema maneno haya alikuwapo kikaoni, akanyoosha mkono pamoja na wengine.

Basi kosa la kwanza halikufanyika kule mteremkoni. Lilifanyika mezani, kwa kalamu.

HESABU YA DARASA LA KISOMO

Kosa la pili ni la kusoma. Jeki ile ya kuazima ilikuwa na karatasi imebandikwa ubavuni, imeandikwa "2 T", maana yake mwisho wa nguvu zake ni tani 2, yaani kilo 2,000. Kati yetu sisi kumi na wawili, wanaojua kusoma hawakupungua tisa. Hakuna hata mmoja aliyeinama akasoma.

Wiki iliyofuata mwalimu wa kisomo aliiweka hesabu ile ubaoni. Ilikuwa hivi:

Mifuko 60 ya kilo 50 ni kilo 3,000.
Tela tupu, kwa kibao chake, ni kilo 1,500.
Jumla ni kilo 4,500.
Tela lina ekseli moja na magurudumu mawili. Kila upande ni kama kilo 2,250.

Ni kweli sehemu ya uzito huo hulala kwenye ndoano ya trekta, lakini kwenye mteremko na njia ya mashimo uzito huhama, kwa hiyo mtu mwenye busara hautoi. Jeki ya kilo 2,000 iliwekwa chini ya kilo 2,250, tena juu ya tope. Mama mmoja wa darasa la kisomo, ambaye mwaka juzi alikuwa hajui kushika chaki, aliimaliza hesabu hiyo kabla ya mwalimu kufuta mkono wake. Kujua kusoma ni jambo moja, na kusoma ni jambo jingine. Elimu isiyotumika ni kama mbegu iliyobaki ghalani.

JEKI SI MOJA

Tumekwenda kwa mafundi wa Vwawa na Tunduma, tumeuliza, tumeshika kwa mikono. Jeki zipo za namna nyingi, na kila moja ina tabia yake.

Ipo jeki ya kuzungusha, ile inayokunjika kama mikasi. Hii ndiyo inayokuja na magari madogo. Haina mafuta, kwa hiyo haiwezi kuvuja, lakini kitako chake ni chembamba, na mara nyingi kichwa chake kimechongwa kushika ukingo wa gari lile lile lililokuja nalo. Ukiipeleka chini ya ekseli ya tela, inashika kidogo tu, na inateleza.

Ipo jeki ndefu ya nguzo yenye matundu, inayopanda tundu kwa tundu. Inanyanyua juu sana na inafaa kumtoa mtu kwenye matope. Lakini nguzo yake huyumba, na mkono wake ukiteleza huruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Kwa kubadilisha tairi la tela lenye mzigo, hatuitaki.

Ipo jeki ya kulala yenye magurudumu madogo, ya gereji. Ni nzuri juu ya sakafu ya saruji. Magurudumu yake lazima yatembee kidogo wakati inapoinua. Juu ya udongo hayatembei, yanazama, na jeki inavuta mzigo pembeni.

Ipo jeki ya chupa, ya mafuta, inayosimama wima. Hii inabeba mzigo mzito na haichukui nafasi kubwa. Nguvu yake inatokana na mafuta kutokubali kubanwa: unasukuma kidogo kwenye bomba jembamba, nayo yanasukuma kwa nguvu kubwa kwenye bomba pana. Mwingereza Joseph Bramah alipewa hati ya ubunifu wa mashine ya namna hiyo mwaka 1795. Lakini pale pale penye nguvu yake ndipo penye udhaifu. Mpira wa ndani ukichakaa, mafuta yanapenya, na jeki inashuka polepole bila kupiga kelele. Kwa hiyo jeki ya chupa ni ya kuinulia, si ya kushikilia.

Halafu kuna ule mguu wa mbele wa tela, wa kuliegeshea tela lisipofungwa kwenye trekta. Wapo wanaouita jeki. Ule ni mguu wa kusimamia tu. Usithubutu kubadilishia tairi kwa mguu ule.

Na hili si letu peke yetu. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaovuta boti zao kwa tela mpaka ukingoni mwa maji. Wao nao wana shida hii hii: tela liko chini, ukingo wa maji umelowa, na jeki iliyomo garini imetengenezwa kwa gari, haikutengenezwa kwa tela. Mzigo wao ni wa starehe na wetu ni wa mbolea, lakini uzito hauchagui mtu.

MASWALI MANNE YA KUULIZA DUKANI

Kwanza, inabeba tani ngapi? Usinunue jeki inayolingana na mzigo, nunua inayouzidi. Upande mmoja wa tela letu ni tani 2 na robo. Jeki ya tani 5 inatosha kwa shida. Tunapendekeza ya tani 10, kwa sababu tunajijua: siku ya mahindi hatupakii mifuko 60 ya mbolea, tunapakia magunia mpaka tela linalia.

Pili, kimo chake ni sentimita ngapi ikiwa imeshuka, na ngapi ikiwa imepanda? Hapa wengi hukosea. Hupima tairi likiwa na upepo, wakasahau kwamba siku ya pancha ekseli inakaribia ardhi. Sisi tumepima kwa futi kamba. Tairi likiwa na upepo, tumbo la ekseli letu liko sentimita 36 kutoka chini. Tairi likiwa halina upepo, ni sentimita 24. Na ili tairi zima liingie, lazima ekseli ipande mpaka sentimita 40. Jeki ya tani 10 tuliyoishika dukani, ikiwa imeshuka, ina sentimita 23. Mtu atasema, inaingia. Ngoja kwanza. Chini ya jeki lazima uweke ubao wa sentimita 5. Ishirini na tatu na tano ni ishirini na nane, na nafasi ni ishirini na nne. Haiingii. Dawa yake ni rahisi: dereva apandishe kwanza lile tairi bovu juu ya ubao mnene wa sentimita 8, polepole. Ekseli inafika sentimita 32, na jeki inaingia pamoja na ubao wake. Vipimo hivi ni vya tela letu. Mwenye tela jingine apime lake.

Tatu, kitako chake kina upana gani? Weka jeki sakafuni, isukume kichwani kwa kidole. Ikitikisika dukani, shambani itaanguka.

Nne, hali yake ikoje? Ukiona mafuta ubavuni, iache. Ukiona imepakwa rangi mpya juu ya maandishi, iache, maana aliyeficha tani ana sababu zake. Na usinunue kabla hujaiona ikibeba mzigo ukasubiri dakika kumi kuona kama inashuka. Muuzaji akikasirika, duka jingine lipo.

STENDI NDIYO ROHO

Hata ukipata jeki bora kuliko zote, peke yake haitoshi. Lazima kuwe na kitu kingine kinachopokea uzito: stendi ya chuma, au magogo ya mti mgumu yaliyokatwa bapa na kupangwa kwa msalaba. Mawe hapana, huteleza. Tofali za kuchoma na za saruji hapana, hupasuka ghafla.

Wengi wetu tumekwenda kukitazama kimondo pale Ndolezi, hapa hapa Mbozi kwetu. Chuma kile kinatajwa kuwa na uzito wa zaidi ya tani 10. Zamani sehemu ya juu tu ndiyo iliyoonekana. Walipochimba pembeni kukifunua, hawakuondoa udongo wote wa chini yake. Waliacha nguzo ya udongo katikati ikiwa imekibeba, kisha ikajengewa, ndiyo maana mpaka leo kimekaa juu ya kitako chake. Kwanza tegemeo, halafu kazi. Jambo hilo tumelitazama miaka yote na viingilio tumelipa, lakini kule mteremkoni hatukulikumbuka.

UTARATIBU WA KAZI

Dereva na utingo wake waukariri huu. Utabandikwa pia kwenye ubao wa tela.

1. Simamisha mahali tambarare na pagumu. Kuvuta polepole mita mia kwenye tairi lililokufa ni hasara ya tairi. Kubadilisha kwenye mteremko ni hasara ya mtu.
2. Usilifungue tela kutoka kwenye trekta. Funga breki ya mkono, zima injini.
3. Weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu la upande mzima.
4. Watu wote washuke. Mzigo mzito ushushwe, angalau nusu.
5. Legeza nati kidogo tairi likiwa bado chini.
6. Pandisha tairi bovu juu ya ubao mnene kama nafasi ni ndogo, kisha rudisha kabari sawasawa.
7. Weka jeki wima juu ya ubao mgumu, chini ya ekseli, karibu na gurudumu. Usiiweke chini ya bodi.
8. Ikipanda kidogo tu, simama utazame. Ikiegemea hata kidogo, ishushe uanze upya.
9. Ikifika kimo, weka stendi chini ya ekseli, shusha jeki taratibu mpaka ekseli ikae juu ya stendi. Jeki ibaki pale pale kama mlinzi wa pili.
10. Sasa ndipo uvue tairi. Kaa ubavuni, usichuchumae mbele yake ukalikumbatia. Mkono usipite chini wala ndani. Mtu yeyote asiingie chini ya tela, hata kwa kuokota nati.
11. Kaza nati kwa msalaba, si kwa kuzunguka. Kaza tena tela likiwa chini, na tena baada ya mwendo mfupi.

Mtasema ni maneno mengi kwa pancha moja. Sawa. Tumejaribu hapa uwanjani na tela likiwa na mzigo. Ilituchukua nusu saa na kidogo. Nusu saa si kitu mbele ya vidole viwili.

SHERIA NA HAKI

Ndugu wanachama, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwenye kazi amwekee mfanyakazi mazingira ya usalama. Hapa kwetu mwenye kazi ni nani? Ni sisi sote, wenye hisa. Kijana yule hakuwa anabeba mbolea yake. Alikuwa anabeba ya kwako na ya kwangu. Kwa hiyo tusiseme "ajali haina kinga" tukafunika jambo. Ajali hii kinga ilikuwa nayo, na iliandikwa katika makisio, tukaifuta.

TUNAYOYALETA KWENU

Tunaleta mambo manne mbele ya mkutano mkuu:

Moja, mstari uliofutwa urudishwe, na uwe hivi: jeki 1 ya chupa ya tani 10, stendi 2 za chuma, kabari 4, ubao mnene 1 na ubao wa jeki 1. Viwekwe katika sanduku la tela lenye kufuli, ufunguo akae nao dereva. Jeki hiyo isiazimwe kwa mtu yeyote, hata akiwa kiongozi, hata akiwa Katibu.

Mbili, tela lisitoke uwanjani bila sanduku hilo. Mtunza ghala asipoliona, asitoe mzigo.

Tatu, katika darasa la kisomo, hesabu za wiki moja ziwe za tela letu: mifuko, kilo, tani na sentimita. Tujifunze kusoma kitu kilicho mbele yetu.

Nne, kijana wetu apewe kazi ya kuandika daftari la mzigo unaoingia na kutoka, kwa ujira kamili. Asipewe kwa huruma. Yeye ndiye ajuaye kuliko sote kwa nini daftari hilo liandikwe vizuri. Wanaosema mwandiko wa mkono wake wa kushoto ni mbaya, waje wautazame. Umenyooka kuliko wa wengi wetu tuliomo kwenye Kamati.

Wakati wa kupiga kura mtaulizwa fedha zitoke wapi. Tunajibu mapema: mwaka huu ofisi haitapakwa rangi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuona ufa tukaupaka rangi. Tunaomba radhi kwa kijana wetu na kwa wazazi wake, mbele yenu nyote, na maneno haya yabaki ubaoni mpaka siku sanduku litakapofungwa kwenye tela.

 Umoja ni nguvu.

Katibu wa Chama wa Tawi, kwa niaba ya wenzake,
Hasamba.